Nani Mrithi wa Safari?

Kila mwaka magari ya mbio za dunia yanapoteremka Naivasha, mjadala mmoja hufufuka katika gereji za Nairobi, na huendelea hata baada ya magari yale kupakiwa na kurudishwa Ulaya. Vijana wenye Subaru zilizoongezwa nguvu, busti imepandishwa na ekzosi imefunguliwa hadi vioo vya jirani vinatetemeka, je, hao ndio warithi wa Safari Rally? Au wamelichukua jina la mbio zile wakafunika nalo fujo za barabarani?

Nimeusikiliza mjadala huu kwa miaka mingi na nina upande wangu, ambao sitauficha. Lakini hoja za wengine ni nzito, na haifai kuzieleza kwa sauti yangu kana kwamba ni zangu. Kwa hiyo nimezipa watu wa kuzisema. Watu hawa nimewaumba. Hoja zao sikuziumba. Fundi ni mzee aliyeanza kushika spana enzi ambapo Safari bado ilivuka mipaka hadi Uganda na Tanzania. Kijana ana Impreza WRX ya zamani. Muuguzi ni mama anayefanya zamu za usiku katika chumba cha majeruhi. Mwelekezi ni mwanamke anayeketi kiti cha kushoto katika mbio za kitaifa, daftari la kona mapajani, na kumsomea dereva barabara ambayo dereva bado hajaiona. Wa tano atafika baadaye kutoka Dar es Salaam.

Kijana: Mzee, wewe ndiye unayetuita wahuni, kwa hiyo nakuuliza wewe. Safari tangu 1953 hadi 2002 ilikimbizwa katika barabara ambazo hazikufungwa. Basi la abiria lilikuwa njiani, ng'ombe walikuwa njiani, mama anatoka sokoni na mzigo wake, na hapo hapo gari la kiwanda linapita kwa mwendo ambao mimi sijawahi kuufikia. Helikopta ilitangulia juu kuangalia mbele, basi. Wale mliwapigia makofi. Mimi nikikanyaga mafuta Southern Bypass saa nane za usiku, lami tupu, naitwa muuaji. Nieleze tofauti.

Fundi: Tofauti ya kwanza ni kwamba wewe hakuna anayejua kuwa unakuja. Safari ilijulikana. Siku zilijulikana, njia zilitangazwa, watu walilala kando ya barabara wakiisubiri. Mchunga mbuzi alijua kwamba Pasaka hii asivushe mifugo bila kutega sikio. Ya pili, dereva alikuwa ameipita barabara ile kabla ya mashindano, tena na tena, ameandika kila korongo na kila daraja. Wewe unakutana na lori lililoharibika njiani, halina taa wala matawi ya kuonya, na ndiyo mara yako ya kwanza kuliona.

Kijana: Na bado ilikuwa barabara ya watu, Mzee.

Fundi: Ilikuwa. Sikatai.

Muuguzi: Basi nitakataa mimi. Mnapimana kwa kosa ambalo lilikwisha kuachwa. Safari iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, baada ya kukosekana karibu miaka 20, inakimbizwa katika njia zilizofungwa, nyingi zikiwa ndani ya mashamba na hifadhi: Kedong, Soysambu, Loldia, Hell's Gate. Kuna wasimamizi, kuna daktari, kuna gari la wagonjwa linalongoja. Kijana wangu, ukitaka kurithi Safari, rithi na hilo. Usichague mwaka unaokufaa.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu swali la Kijana ndilo wapenzi wa Safari wa rika langu hulikwepa. Tunasimulia kwa fahari jinsi magari yalivyopasua vumbi katikati ya vijiji, na hatumtaji mwanakijiji ambaye hakuombwa idhini. Muuguzi ana haki ya kutukumbusha. Lakini nikisema ukweli wangu, utukufu wa Safari ile haukutoka kwenye barabara kuwa wazi. Ulitoka kwingine, na Fundi anapajua kuliko sisi sote.

Fundi: Watu wanamkumbuka Joginder Singh kwa kasi. Mimi namkumbuka kwa mikono yake. Alizaliwa Kericho, na alikuwa fundi kabla hajawa dereva. Mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo ilikwishatumika na wengine, gari la mtumba kama hayo mnayoyanunua ninyi. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Lakini hesabu ninayoipenda mimi ni nyingine: aliingia Safari mara 22, akafika mwisho mara 19. Unajua maana yake? Mwaka 1968 yaliondoka magari zaidi ya 90, yakafika saba. Aliyeshinda, Nick Nowicki, alikuwa na Peugeot 404, gari la kupeleka watoto shule. Audi Quattro iliitikisa Ulaya nzima, hapa ikapata kila kitu isipokuwa ushindi. Audi walipokuja kushinda, 1987, walishinda kwa Audi 200, saluni kubwa nzito ya mtu mwenye familia. Safari haikumuuliza mtu ana kasi gani. Ilimuuliza kama gari lake litakuwepo kesho kutwa.

Kijana: Lakini yalikuwa magari yaliyotyuniwa, Mzee. Hayakutoka dukani vile.

Fundi: Tena sana. Na hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Kila badiliko lilijibu swali lililoulizwa na barabara. Mto ukifurika maji yatafika wapi? Bomba la kuvuta hewa likapandishwa hadi usawa wa paa. Kona za usiku zitaonekanaje? Taa zikaongezwa mpaka kwenye mabega ya mbele. Mawe? Sahani ya chuma ikafungwa chini ya injini. Mashimo? Gari likainuliwa, springi zikapewa nafasi ya kushuka na kupanda, viungo vya bodi vikachomelewa upya ili visifunguke kama mshono mbovu. Sasa na wewe niambie. Gari lako umelishusha. Kwa kujibu swali gani?

Kijana: Uzito ukiwa chini gari haliyumbi kwenye kona.

Fundi: Kweli kabisa, kwenye lami laini. Ulinunua seti kamili ya shokapu na springi zake, au ulikata?

Kijana: Zilikatwa.

Fundi: Basi umeiondolea shokapu nafasi ya kufanya kazi. Kila tuta inagonga chini kabisa, gurudumu linaruka, na gurudumu likiwa hewani halina breki wala usukani. Naivasha 2021, Thierry Neuville aliamka siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima. Shokapu ikavunjika. Mchezo ukaishia hapo, Sébastien Ogier akachukua ushindi. Ile ni timu ya kiwanda, na wahandisi wake wote. Wewe umekatiwa springi kwa grainda.

Maneno haya huwauma vijana, na nimewaona wakinyamaza. Hata hivyo si haki kuwaacha hapo, kwa sababu wengi wao wanajua mambo ambayo wazee wao hawakuhitaji kuyajua. Kijana wa leo hufungua kompyuta ya injini kwa simu yake na kusoma namba ambazo fundi wa 1975 alizikisia kwa sikio na kwa rangi ya plagi. Huo pia ni ufundi, na unastahili kuitwa hivyo.

Kijana: Msinifanye nisiyejua ninachokitaka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu, inachoma mafuta pungufu, nguvu inapotea. Turbo inaisukuma hewa ndani na kufidia. Ndiyo maana mtu wa Nairobi anaipenda turbo. Ameishi maisha yake yote akipanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori. Na Subaru haikutuingia kwa matangazo. Mwaka 1993 Patrick Njiru alipanda Vivio yenye injini ya sisi 660, kagari ka mjini, akaimaliza Safari. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Impreza. Mimi nimezaliwa baadaye, lakini majina hayo nimeyakuta nyumbani. Tena injini ile watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya nguvu farasi 280, makubaliano yaliyodumu hadi 2004. Ndani yake kuna zaidi ya kilichoandikwa.

Fundi: Kuna zaidi, na kuna mtego. Matoleo yale ya nguvu yalipangiwa cheche kwa petroli ya Japani, ile ya oktani 100. Pampu zetu haziuzi hiyo. Ukipandisha busti juu ya petroli ya oktani ndogo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na injini inagonga. Wewe hutausikia mlio huo kwa sababu ekzosi yako inaufunika. Siku pistoni itakapopasuka kwenye kingo za ringi, utaona moshi wa buluu kwenye kioo cha nyuma, na hapo hakuna cha kurekebisha kwa simu.

Kijana: Nimeipangia upya kwa petroli ya hapa. Sijapandisha busti kabla ya kufanya hivyo.

Fundi: Vizuri. Hapo umenifurahisha. Na ile milipuko ya ekzosi unapoachia mafuta?

Kijana: Hiyo nimeiweka kwa ajili ya sauti.

Fundi: Kwenye gari la mbio mafuta yanachomwa ndani ya ekzosi ili turbo iendelee kuzunguka dereva anapoinua mguu, apate nguvu papo hapo akitoka kona. Wanajua inaila turbo, na wana nyingine kwenye boksi. Wewe unaila turbo yako kwenye taa za barabarani. Swali langu la mwisho, halafu nimwachie Mama aseme: mafuta ya breki ulibadilisha lini?

Kijana: Sikumbuki.

Fundi: Basi gari lako bado halijatyuniwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ukiteremka ukishika breki mfululizo, yanachemka, yanatoa mapovu, na kanyagio linazama hadi sakafuni. Umeongeza uwezo wa kukimbia bila kuongeza uwezo wa kusimama. Joginder asingelitoa gari namna hiyo nje ya gereji.

Muuguzi: Ninyi mnahesabu farasi. Mimi nahesabu mita. Kwa kilomita 160 kwa saa gari linakwenda zaidi ya mita 44 kila sekunde. Mguu wa dereva mzima, asiye na usingizi wala pombe, unahitaji kama sekunde moja kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki, kwa hiyo mita hizo 44 zinapita kabla hakijafanyika chochote. Na mwendo ukitoka 80 kufika 160, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Mwili wa mtu haujabadilishwa kitu tangu enzi za Volvo ya Joginder. Halafu anayeletwa kwangu mara nyingi si mwenye gari. Kenya waenda kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wanaokufa barabarani. Ni mlinzi anayetoka zamu alfajiri. Ni mfanyakazi aliyeshushwa na matatu upande usio wake, na daraja la kuvukia liko mbali. Unasema bypass ilikuwa tupu saa nane za usiku. Kwa macho yako ilikuwa tupu.

Kijana: Mama, mimi sijamgonga mtu.

Muuguzi: Sijasema umemgonga. Nasema kwamba anayevuka pale hajakubali kuingia kwenye mashindano yako. Yule dereva wa Naivasha amekubali, na mwenzake wa pembeni amekubali, wote wamevaa kofia na nguo zisizoshika moto. Hiyo ndiyo tofauti uliyomwomba Mzee akueleze.

Mwelekezi: Na hata kujilinda wengi wanakosea. Naona vijana wanachomelea vyuma vya ulinzi ndani ya gari la kila siku, wanaona wamekuwa kama sisi. Vile vyuma vimekusudiwa mtu aliyefungwa mkanda wa pointi sita na kuvaa helmeti. Ukikaa navyo ukiwa kichwa wazi, ajali ndogo tu, kichwa chako ndicho kinachokutana na bomba la chuma. Vifaa vya mbio vinakwenda pamoja vyote. Ukichukua kimoja ukaacha vingine, unaweza kuwa umejiongezea hatari.

Ni wakati huu ambapo mgeni wetu wa Dar es Salaam anaingia. Nimemtaka awepo kwa sababu wakazi wa Nairobi huzungumza juu ya Safari kana kwamba ilizaliwa na kukulia kwao peke yao.

Mgeni: Shikamoo Mzee.

Fundi: Marahaba, karibu.

Mgeni: Asante. Nimesikia mnagawana urithi, nikaona nidai fungu langu. Mbio zile zilipoanza 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu 1960 ziliitwa East African Safari Rally. Hata bingwa mliye naye aliyeshinda mara nyingi kuliko wote, Shekhar Mehta, mara tano, alikuwa mtoto wa Uganda. Ushindi wake wa kwanza, 1973 kwa Datsun 240Z, aliupata baada ya kufungana na Harry Källström kwa pointi za adhabu. Wakatenganishwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kwa hiyo msifunge mlango. Tanzania nasi tuna Mkwawa Rally yetu.

Kijana: Karibu kaka. Wewe unaendesha nini?

Mgeni: Altezza, ile ya gia sita za mkono. Haina turbo na sihitaji. Dar iko usawa wa bahari, injini inapumua hewa yote iliyoandikiwa kiwandani. Tena ninyi Kenya mna sheria ya miaka minane, gari likizidi hapo haliingii. Kwetu linaingia, unalipa ushuru zaidi kwa uchakavu wake. Ndiyo maana Altezza za mwisho wa miaka ya 90 bado ziko nyingi, na spea zake utazipata Gerezani.

Fundi: Na ndiyo maana Impreza za enzi za McRae zilizoko hapa haziongezeki, zinapungua tu. Zinaishi kwa sababu kuna mtu Kirinyaga Road anayejua gasketi ipi ya gari lipi inaingiliana na ipi.

Mgeni: Sawa, lakini Mzee, nina neno na wewe, kwa heshima. Umesema kila badiliko lazima lijibu swali la barabara. Mimi gari langu nimelipaka zambarau iliyokolea, nimeliwekea rimu za inchi 18, nimeshona viti upya kwa uzi mwekundu. Barabara haikuniuliza lolote. Nimefanya kwa sababu ni zuri. Jumapili tunakutana wenye magari, tunafungua maboneti, tunatazamana kazi, mtu anamwuliza mwenzake rangi hii kapaka nani. Hatukimbizani. Huo si utamaduni wa magari? Nanyi hapa Nairobi mna matatu zilizochorwa kutoka bampa hadi bampa, watu wanaacha iliyo tupu wanangoja iliyopambwa. Nayo michoro ile inajibu swali gani la barabara?

Nakiri kwamba hoja hii inaidhoofisha ile ya Fundi, na mimi niliyekuwa nikimshangilia Fundi najikuta sina budi kuipa nafasi. Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, zilizoanza kutekelezwa 2004, zilileta mambo mema katika matatu: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, idadi ya abiria ikaheshimiwa kwa muda. Pamoja nayo ulikuja mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikafifia mijini. Mwendo ndio uliokuwa unaua. Rangi haikuwahi kumuua mtu. Michoro ilirudi baadaye na mji ukapendeza tena. Anayelipaka gari rangi ya zambarau hana deni kwa mtu yeyote. Ninamtenga kabisa na anayelikimbiza, ingawa polisi na baadhi ya majirani huwaweka kapu moja kwa sababu magari yao yanafanana.

Fundi: Uzuri siukatai. Rimu za inchi 18 umevalisha tairi gani?

Mgeni: Mpya. Nimesoma tarehe ubavuni, zile tarakimu nne, wiki na mwaka. Sinunui tairi iliyokaa rafu miaka saba.

Fundi: Basi kapake rangi yoyote unayotaka.

Mwelekezi: Mzee, Mama, nanyi kaka zangu, hebu tumrudie Kijana, kwa sababu naona tumemwambia asichofanya, na hakuna aliyemwambia aende wapi. Damu yake inataka kukimbia. Ya kwangu pia inataka, na siioni aibu. Mwaka 1983 Michèle Mouton alimaliza wa tatu katika Safari. Mwanamke mwenzangu, kwa Audi Quattro, katika barabara zilezile tulizozisimulia. Baadaye McRae Kimathi, aliyepewa jina la yule Colin McRae, alitoka hapa akaenda kuendesha kwenye theluji ya Sweden, 2022, kwa Ford Fiesta. Kwa hiyo mlango upo. Lakini gari la daraja lile, Rally3, lilipotoka lilifika karibu euro 100,000. Kijana wa Umoja akiuza kila alichonacho, pamoja na Impreza yake, hafiki hata robo. Tukimwambia "nenda kwenye mashindano," tunamwambia aende mahali ambapo hana nauli ya kufika.

Kijana: Hilo ndilo nililotaka mtu aliseme.

Mwelekezi: Sijamaliza. Pana kitu cha katikati, nacho hatukipi heshima. Otokrosi. Uwanja wa vumbi kama ule wa Jamhuri Park, njia imewekewa mipaka, magari yanapimwa kwa saa. Hakuna matatu, hakuna bodaboda, hakuna mlinzi anayetoka zamu. Wengi tuliomo kwenye mbio za kitaifa tulianzia humo, na humo nimeona gari dogo kuukuu, lililotunzwa, likiwashinda wenye turbo kubwa kwa sababu dereva wake anajua kupunguza mwendo kabla ya kona. Farasi 400 kwenye uwanja wenye kona kumi na mbili ni mzigo. Utajifunza kuendesha kwa asubuhi moja kuliko kwa mwaka mzima wa bypass, maana bypass imenyooka, haina la kukufundisha.

Muuguzi: Na barabara? Zinaweza kufungwa?

Mwelekezi: Zinaweza. Barabara ya mlimani, kilomita nne au tano, ifungwe kuanzia alfajiri hadi adhuhuri kwa idhini ya kaunti na polisi. Wenyeji waambiwe wiki mbili kabla, kila mlango wa boma uwe na msimamizi mwenye bendera, na gari moja liondoke baada ya jingine kumaliza. Kazi kubwa ni kuwashawishi wenye mamlaka kwamba watu wale wale wanaowafukuza usiku ndio watakaojisajili mchana na kulipa ada. Ninaamini watakuja. Mtu akipewa nafasi ya kutazamwa na kuandikiwa muda wake kwenye karatasi, hana sababu ya kwenda kujificha gizani.

Hapa ndipo ninaposimama mimi pia. Naamini serikali za kaunti na vyama vya mbio vina wajibu wa kufungua siku hizo, na kwamba ukali wa polisi peke yake hautoshi, kwa sababu msako wa usiku mmoja huwahamisha tu kutoka bypass moja hadi nyingine. Naamini pia kwamba ada ya kuingia lazima iwe ndogo kiasi cha mtu mwenye mshahara wa kawaida kuilipa. Safari ya leo ina mikondo ya mashindano isiyofika kilomita 400 kwa jumla, wakati njia nzima ya ile ya miaka ya 1970 ilikuwa karibu kilomita 5,000. Tumeifupisha, tumeifunga, tumeifanya salama, na bado watu wanafurika Naivasha kwa maelfu. Ikiwa hilo liliwezekana kwa mbio kubwa kama hizi, kilomita nne za mlimani haziwezi kutushinda.

Muuguzi: Mimi nitakuja siku hiyo. Nitakuja na wenzangu, hatutadai malipo makubwa. Lakini nina masharti. Gari la wagonjwa likiondoka na mtu, mbio zinasimama mpaka lirudi au lije jingine. Asiyefunga mkanda haondoki. Anayenuka pombe haondoki, hata kama ndiye aliyelipia tangazo. Na mtazamaji akivuka kamba, tunasimama mpaka atoke.

Fundi: Na ukaguzi nitafanya mimi. Nitaanza na kanyagio la breki, nilikanyage na kulishikilia. Halafu tarehe za tairi. Halafu nitalisukuma gari kila pembe nione shokapu zinarudisha au zinadunda. Nitatazama chini kama kuna mafuta yanayovuja, nitahakikisha betri imefungwa na kizima moto kiko karibu na mkono wa dereva. Boneti nitaifungua mwisho kabisa.

Kijana: Na mwenye springi zilizokatwa?

Fundi: Anarudi nyumbani, anatafuta springi kamili, anakuja siku nyingine. Nitamsaidia kuzitafuta.

Kijana: Na siku hiyo nyingine ikiwa baada ya miezi sita?

Muuguzi: Basi miezi sita usikimbie.

Kijana: Mama, mtu wa miaka 23 umwambie miezi sita. Mimi springi nitanunua. Mafuta ya breki nitabadilisha wiki hii, Mzee akinionyesha. Kofia nitaazima. Nanyi fanyeni sehemu yenu: siku hizo ziwe kila mwezi, na tarehe zitangazwe mwaka mzima mapema, kama Safari ilivyokuwa ikitangazwa.